Medali Husomwa Ukingoni: Maelekezo ya Sonara wa Kariakoo kwa Mkusanyaji wa Beji za Keya

Medali ya zamani ikikufikia mkononi, usianze na sura ya mfalme. Mfalme ni yuleyule kwenye mamilioni ya medali. Isimamishe ubavu, izungushe polepole karibu na dirisha, usome ukingo. Hapo ndipo Waingereza walipogonga namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Ukikuta jina, hasa jina lenye "bin" katikati na herufi K.A.R. (za Keya, jeshi la mkoloni Mwingereza) mwishoni, tulia. Usilipe, usisugue, usiahidi kitu mpaka umelinakili neno kwa neno.

Mimi ni sonara. Benchi langu liko Mtaa wa Mkunguni, na wanaoniletea medali hawaji kutafuta historia. Wanakuja niwayeyushie. "Mama, hii si fedha kabisa? Nitolee pete mbili, na ikibaki unifanyie hereni za mtoto." Na kweli ni fedha. Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914 hadi 1918 ni fedha safi ya daraja la 925, karibu wakia moja nzima. Ndiyo maana mwaka 1980, bei ya fedha ilipopaa duniani, medali nyingi za aina hiyo ziliishia kwenye tanuri hukohuko Uingereza. Za kwetu zimeliwa polepole zaidi: bangili hapa, mahari pale, deni la ada ya shule. Zilizobaki zenye jina la askari mwenyeji ni chache, na uchache wake ndio uliowavuta watengenezaji wa bandia. Naandika kwa ajili ya yule anayetaka kuzikusanya akiwa Dar bila kuuziwa bati.

Kwanza ujue unachokitafuta. King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliita Keya, iliundwa Januari 1902. Kikosi chetu cha Tanganyika kilikuwa cha 6. Kiliundwa upya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na baadhi ya askari wake walikuwa wamewahi kumtumikia Mjerumani. Katika vita ya pili Keya walipigana Habeshi (Ethiopia), Madagaska na Bama (Burma). Kuna vikosi vilivyoongezwa wakati huo, namba 26 na 36 vikiwemo. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, kikosi cha 6 na cha 26 vikawa Tanganyika Rifles. Januari 1964 askari wakaasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, na jeshi hilo likavunjwa. JWTZ ikazaliwa tarehe 1 Septemba 1964.

Piga hesabu: Tanganyika Rifles iliishi miaka miwili na wiki chache. Beji zake ni adimu kwa haki, na mtu yeyote mwenye akili ya biashara analijua hilo. Nikiambiwa "ninayo ya Tanganyika Rifles", swali langu la kwanza ni picha ya babu akiwa ameivaa. Picha ikikosekana, naendelea kunywa chai.

Za JWTZ siziokoti, sizinunui, sizihifadhi, hata zikiletwa bure. Agosti 2023 jeshi liliwapa raia siku saba kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo, na hakuna mkusanyaji anayehitaji kumweleza askari wa zamu kwamba yeye ni mpenzi wa historia tu. Mjane wa mpiganaji wa Kagera akija na nishani za mume wake, mwamkie, mweleze kwamba hizo ni za familia, umfungie vizuri arudi nazo nyumbani.

Vifaa

Lenzi ya jicho inayokuza mara kumi, mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, vernia ya kupimia upana, sumaku ndogo kali, na ile tochi ya zambarau ambayo wenye maduka wanakagulia noti. Vyote vinapatikana Kariakoo kwa hela ya kawaida. Kifaa kinachowashinda wengi ni daftari.

Jiwe la kupimia na asidi yaache mezani kwa sonara. Natumia hivyo vitu kila siku na bado haviigusi medali, kwa sababu kipimo cha jiwe hutaka usugue, na sehemu inayosuguliwa kirahisi ni ukingo, yaani palepale penye jina. Fedha hupimwa kwa maji. Vua utepe kwanza. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza medali kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala ubavu wa glasi. Namba utakayoisoma ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito wa medali kwa namba hiyo. Medali ya gramu 31 ikisoma 3 majini, unapata 10.3, na hiyo ni fedha ya 925. Ukipata 8.9, umeshika shaba iliyochanganywa na nikeli. Ukipata 7, hiyo ni zinki, mwambie ahsante. Ikaushe medali vizuri kabla ya kurudisha utepe, na uikaushe kwa kitambaa cha pamba, siyo kwa kuianika juani.

Sumaku ni ya haraka zaidi lakini usiisikilize peke yake. Fedha, shaba na bronzi hazishikwi na sumaku, kwa hiyo medali ya Kiingereza inayoruka kwenye sumaku ni uongo. Msalaba wa Chuma wa Mjerumani, kwa upande mwingine, una moyo wa chuma ndani ya fremu ya fedha. Huo ukikataa sumaku ndiyo uanze kuushuku.

Medali zenye majina

Za Vita ya Kwanza kwa kawaida huja mbili: ile ya fedha, na Medali ya Ushindi ya bronzi yenye malaika wa ushindi mwenye mabawa. Zote mbili zina upana wa milimita 36, na zote ziligongwa jina ukingoni kwa mashine, herufi kubwa zilizozama kwa kina kimoja. Weka lenzi jichoni. Herufi iliyogongwa ina sakafu bapa na kuta zilizosimama. Herufi iliyochongwa kwa mkono ina mfereji wenye ncha na mikwaruzo ya kalamu ya chuma pale ilipoanzia na ilipoishia. Medali hizi za 1914 hadi 1918 zikiwa zimechongwa jina badala ya kugongwa, kuna mtu alifuta jina la mwenyewe akaweka la kwake, au la askari anayeuzika zaidi.

Kufuta jina maana yake ni kupiga tupa, na tupa hula chuma. Hapo vernia inasema: badala ya 36 unapata 35 na nusu, au unapata 36 upande mmoja na pungufu upande mwingine. Pitisha ukucha ukingoni; ukingo wa kiwandani ni mraba na unalingana, uliopigwa tupa una mabonde. Wajanja siku hizi hununua medali ya kweli ya mwanajeshi wa kawaida wa Uingereza, yenye bei ndogo, wakaifuta na kuigonga upya kuwa ya Keya. Fedha ni ya kweli, mfalme ni wa kweli, uongo uko ukingoni peke yake. Kipimo cha maji hakitakuokoa hapo.

Zikija zote mbili, zilinganishe. Makarani wa Kiingereza waliandika majina yetu walivyoyasikia, Abdalla anakuwa Abdulla, Mfaume anakuwa kitu ambacho hata mama yake asingeitikia. Usiikatae medali kwa sababu ya tahajia. Ila makosa yaleyale yanapaswa kuwa kwenye zote mbili, pamoja na namba ileile. Familia ikisema "babu aliandikwa hivi" na medali zote mbili zimekosea kwa namna moja, hiyo ni dalili nzuri kuliko jina lililoandikwa sawasawa kama la kitambulisho cha taifa.

Kisha kuna medali ninayoipenda kuliko zote, Africa General Service, iliyotolewa kati ya 1902 na 1956. Nayo ni fedha, milimita 36, na nyuma ina mwanamke amesimama na simba pembeni na neno AFRICA chini yake. Utepe wake ni wa njano, kingo nyeusi, na mistari miwili myembamba ya kijani. Hii ina mitego miwili mizuri kwa mtengeneza bandia asiyesoma. Haikutolewa hata mara moja bila kipande cha fedha kilichopita juu ya utepe na kutaja vita, kama SOMALILAND 1902-04, NANDI 1905-06 au KENYA kwa waliopelekwa kupambana na Mau Mau. Na ilitolewa ikiwa na sura ya Edward wa Saba, George wa Tano na Elizabeth wa Pili tu. George wa Sita hayumo, maana katika enzi yake haikutolewa. Mtu akikupa Africa General Service yenye George wa Sita, hujahitaji hata kutoa lenzi mfukoni. Vivyo hivyo kipande cha KENYA hakiwezi kukaa juu ya George wa Tano. Vita ile ilianza Oktoba 1952 na mfalme huyo alikufa 1936.

Kwa Vita ya Pili, ukingo unanyamaza. Nyota za shaba zenye pembe sita, ile ya 1939-45, ya Afrika na ya Burma, pamoja na Medali ya Vita yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili, Uingereza ilizitoa bila majina. Afrika Kusini na India waligonga majina kwenye za kwao, sisi hatukugongewa. Kwa hiyo mtu anayekuuzia "Nyota ya Burma ya askari wa Keya" anakuuzia nyota na hadithi. Nyota yenyewe si adimu. Hadithi inabidi ije na karatasi: cheti cha kuachishwa jeshi, kijitabu cha mshahara, boksi la posta lenye anwani, picha. Bila hayo, lipa bei ya nyota. Na ukiona jina limechongwa nyuma ya nyota, usikimbilie kulikataa, kwani wenye medali wengine waliwachongesha masonara wa mtaani. Babu yangu, aliyenifundisha kazi hii, alichonga za namna hiyo. Jina la namna hiyo ni la thamani kwa familia, ila halithibitishi kitu bila karatasi.

Kuhusu utepe: tochi ya noti inakusaidia kidogo. Nyuzi na rangi za kabla ya Vita ya Pili hazing'ai chini ya mwanga wa zambarau, za kisasa hung'aa buluu. Lakini bibi zetu ni wasafi. Utepe wa 1919 uliofuliwa na Foma utang'aa vilevile, na nimeona mtu akikataa medali halali kwa sababu hiyo. Utepe hubadilishwa, huo tangu zamani ulikuwa kitu cha kuchakaa. Usinunue medali kwa utepe wala usiiache kwa utepe.

Beji za kofia na vifungo

Hapa ndipo bandia zimejaa, kwa kuwa beji haina jina na ni rahisi kutengeneza. Beji za Keya zilibeba pembe ya tarumbeta, alama ya vikosi vya bunduki vya Kiingereza, pamoja na namba ya kikosi. Za askari zilikaa kwenye tarbushi, za maofisa kwenye kofia zao.

Igeuze. Beji ya kweli ilipigwa chapa: bamba la shaba liliwekwa kati ya vyuma viwili na kukandamizwa kwa nguvu. Kwa hiyo mgongo wake unafuata uso wake. Palipoinuka mbele pamebonyea nyuma. Beji ya bandia mara nyingi imesubiwa, yaani shaba iliyoyeyuka ilimiminwa kwenye kalibu iliyotolewa kwenye beji nyingine. Mgongo wake ni bapa na mnene, una vitundu vidogo vya hewa, na kingo za herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika. Ipime na vernia ukilinganisha na ya kweli: ya kusubu ni ndogo kidogo, kwa sababu chuma kikipoa hunywea, na aliyeitoa kwenye kalibu hakuweza kukwepa hilo. Mimi nasubu kila siku, najua kunywea kunavyokera. Tafuta pia alama ya tupa pembeni, mahali mdomo wa kalibu ulipokatwa. Shaba ya kusubu ninayoiheshimu katika fani hii ni moja tu, ile sanamu ya Askari pale Samora, iliyosimamishwa 1927. Ukipita hapo simama uiangalie alivyovaa, ni somo la bure.

Halafu tazama kinachoshikilia beji kwenye kofia. Zina vitanzi viwili vya waya wa shaba, pini ikipita ndani yake, au ulimi bapa wa kuchomeka. Lehemu ya zamani ni kidogo, nadhifu, imebadilika rangi pamoja na beji. Ukiona lehemu nyeupe inang'aa na kitanzi kinene, kuna mtu alikuwa kazini hivi karibuni. Inawezekana alikuwa anatengeneza tu kilichokatika, kwa hiyo usiikatae kwa hilo peke yake, ila mwulize muuzaji na umsikilize atakavyojibu.

Jina la kiwanda nyuma, kama J.R. Gaunt au Firmin, wengi hulichukulia kuwa hakikisho. Hakuna jina linaloghushiwa kuliko la Gaunt. Tena kuna beji zilizopigwa upya kwa vyuma vya asili miaka mingi baadaye kwa ajili ya wakusanyaji. Hizo ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu zina mgongo sahihi na ukubwa sahihi. Zinachokosa ni maisha. Askari wa Keya aling'arisha beji yake kabla ya gwaride, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo ya kweli imelika pale kitambaa kilipogusa zaidi, sehemu zilizoinuka, na kwenye mifereji kuna mabaki meupe yaliyoganda ya dawa ya kung'arishia. Beji kali kila pembe, inayodaiwa kutoka Bama, haikuvaliwa Bama.

Mtu anaweza kuighushi hata hiyo rangi ya uzee. Huizika, huiloweka kwenye siki, huipaka kiwi ya viatu. Kutu ya kijani ya kughushi imekaa juu juu na hutoka kwa kijiti cha meno. Ya kweli imeng'ang'ania kwenye kona. Kiwi utainusa.

Taji hukupa tarehe. Kuanzia 1901 hadi 1952, enzi za wafalme wanne, matao ya taji kwenye beji na vifungo yameinuka duara. Elizabeth alipoingia, taji likabadilishwa na matao yake yanabonyea katikati. Kifungo cha "Vita ya Kwanza" chenye taji lililobonyea ni cha miaka ya hamsini au baadaye. Na beji nyepesi mno inayong'aa dhahabu bila kuchuja ni ya aluminiamu, ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia katika miaka hiyohiyo. Kichwa cha twiga, alama ya Tanganyika ya mkoloni, utakikuta kwenye vitu vingi visivyo vya jeshi, kwa hiyo twiga asikupandishie bei.

Alama ya begani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye kichwa cha kifaru iliyokwenda Bama 1944, ni ya kitambaa. Tochi ya noti inafaa hapo zaidi kuliko kwenye utepe, kwa sharti lilelile la Foma.

Za Mjerumani nitapita haraka. Tai wa tarbushi wa askari wa Schutztruppe, jeshi la mkoloni Mjerumani, na Medali ya Makoloni ya 1912 yenye kipande cha DEUTSCH-OSTAFRIKA 1905/07 kwa waliopigana Maji Maji, ni vitu vya kweli na vinapendwa mno Ulaya, hivyo vinatengenezwa kwa wingi. Bila karatasi ya familia, mimi huwa sinunui tai. Wapo wanaojua zaidi yangu, na hata wao hugombana.

Karatasi na watu

Husimuliwa kwamba mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani waliobaki hai, wazee walijitokeza Mwanza lakini wachache tu walikuwa na vyeti. Mlipaji akamkabidhi kila mmoja ufagio na kumpa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wote walizitekeleza. Wazee hao hawapo tena, na ufagio hauwezi kumsaidia mjukuu, lakini namna ile ya kuuliza bado inafaa: uliza jambo ambalo mwongo hana sababu ya kuliandaa. Babu alikaa kambi gani kabla ya kusafirishwa? Alirudi kwa meli ipi, akashukia bandari gani? Nani mwingine wa mtaa ule alikwenda naye? Anayesema kweli mara nyingi atajibu nusu, atakosea mwaka, atampigia shangazi simu. Anayejibu yote kwa ufasaha, tarehe kwa tarehe, amesoma.

Kisha nenda mwenyewe. Makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo yana mawe yaliyochongwa alama za vikosi. Piga picha ya alama, uilinganishe na beji uliyo nayo. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert panafaa asubuhi nzima. Orodha za waliopewa medali ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza, Kew, na maofisa ni rahisi kuwapata kuliko askari wa kawaida. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa inayotafutika bure mtandaoni. Usishangae jina unalolitafuta likikosekana. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilikiri kwamba zaidi ya watu laki moja waliokufa katika Vita ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Jina kukosekana huko hakuifanyi medali yako kuwa bandia, na ndiyo sababu nasema nakili ukingo hata kama hununui. Kwenye daftari langu kuna majina ya medali ambazo wenyewe walikataa kuuza, nikawapongeza.

Ukinunua, andikiana na muuzaji: nani, lini, alipataje, na ndugu wengine wanajua. Hilo la mwisho lina uzito. Medali ya babu huwa na wajukuu kumi na wawili, na aliyekuja dukani ni mmoja. Kwa vya wauza skrepa, lipa kidogo na uandike "skrepa" bila kuona aibu.

Kutunza

Usiing'arishe. Najua mkono unawasha, hasa kwa sonara. Ule weusi wa fedha ni ngozi yake, na kila ukisugua unafuta kipande cha jina. Osha kwa maji safi vuguvugu na sabuni kidogo, kausha, basi.

Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, kwa hiyo Dar si mahali pa kutundika medali ukutani dirisha likiwa wazi. Usitumie mifuko laini ya plastiki inayonuka. Inatoa kemikali inayogeuza bronzi kijani na kunata. Raba, sufu na magazeti huifanya fedha iwe nyeusi haraka. Funga kila moja peke yake kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, weka kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vibadilishe baada ya masika.

Mipaka ya sheria

Kuchimba viwanja vya vita, iwe Mahiwa au Tanga, bila kibali, acha. Mbali na sheria, huko ardhini bado kunaweza kuwa na mabomu yasiyojua kwamba vita iliisha 1918. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979. Kabla ya kumuuzia mgeni au kubeba kitu kuvuka mpaka, peleka picha na maelezo Idara ya Mambo ya Kale uwaulize kama kinahitaji kibali, na jibu lao ulipate kwa maandishi. Uwanja wa ndege si mahali pa kuanza kueleza Keya ilikuwa nini.

Ukishauziwa bandia, au ukipewa kama zawadi, usiirudishe sokoni hata kwa bei ya karanga. Mimi hugonga herufi B nyuma yake kwa nyundo na chuma cha kuandikia, kwa kina kisichofutika kirahisi, kisha inaingia kwenye kopo la kujifunzia. Vijana wa benchini kwangu huanzia hapo: wanachanganyiwa za kweli mbili tatu na za B zikiwa zimelala chali, wanapewa lenzi na vernia, na hakuna kushika sumaku mpaka wameshasema ipi ni ipi.